Kwa nini nyumba za Lavenham zimepinda

Ndugu, umeuliza kama zile nyumba za mbao za Lavenham, kule Suffolk, Uingereza, ziko karibu kuanguka. Hapana. Nyingi zimesimama tangu karne ya 15 na ya 16, enzi kijiji kile kilipotajirika kwa kufuma nguo za sufu. Mafundi walichonga mwaloni ungali mbichi, kwa sababu ukishakauka huwa mgumu, patasi inahangaika. Basi mti ulikaukia humo humo ukutani, ukasinyaa na kujikunja, nyumba nayo ikaufuata. Viungo havikuachia: ulimi wa boriti huingia kwenye tundu la nguzo, kisha hupigiliwa kigingi cha mbao, si msumari. Ukisogea karibu, mara nyingine utaona namba za Kirumi alizochonga fundi, maana vipande vilikatwa na kujaribiwa chini kwanza, ndipo vikasimamishwa.

Kati ya nguzo ni fito zilizokandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi. (Naam, bibi yangu angeifanya kazi hiyo bila kuelekezwa!)

Kinachoziua nyumba hizi si kupinda, ni saruji. Mtu anapiga plasta ya saruji juu ya udongo, unyevu unanaswa ndani, mwaloni unaoza kimya kimya. Chokaa huruhusu ukuta upumue.

Ama ile rangi nyeusi ya mbao na nyeupe ya kuta unayoiona kwenye picha za nyumba kama hizi, mara nyingi ni mtindo wa karne ya 19. Zamani mbao ziliachwa zilivyo, au zikapakwa chokaa pamoja na ukuta.