Msimwachie Mpiga Kinanda Peke Yake

Katika parokia nyingi hapa Tanzania, muziki wa Misa unabebwa na watu wasiolipwa mshahara wowote: mwalimu wa shule ya msingi anayefundisha kwaya jioni, fundi cherehani anayeimba besi, mwanafunzi wa sekondari aliyejifunza kinanda kwa kuketi kando ya aliyemtangulia. Nimehudumu miongoni mwao kwa miaka mingi nikiwa mwalimu wa kwaya, na ninaamini kwa dhati kwamba hakuna kinachozima vipaji hivi kwa haraka kuliko mazoea ya kumtwika mtu mmoja muziki wote wa parokia. Mtu huyo hupiga Misa ya kwanza na ya pili, hupiga harusi siku ya Jumamosi, huitwa msibani katikati ya wiki, na kwa kuwa hajawahi kukataa hakuna anayemuuliza kama amechoka. Siku anapohamishwa kikazi, au anapoacha kimyakimya kuja mazoezini, ndipo watu wanapogundua kwamba hakuna mwingine anayejua hata nakala za nyimbo zinatunzwa wapi.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kwamba kila mwenye huduma katika muziki awe na mwenzake anayejifunza kwake. Hatuanzi kutoka patupu, kwa maana kwaya zetu tayari zina solfa, yaani namna ya kuandika na kusoma wimbo kwa do, re, mi badala ya nota za mistari. Mfumo huo, ambao mchungaji John Curwen aliuendeleza na kuueneza nchini Uingereza katika karne ya 19 akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover, ulikusudiwa watu wa kawaida wasio na ala wala ada ya mwalimu wa muziki, na ndiyo maana kundi la wakulima na wafanyabiashara wadogo linaweza kuimba sauti nne kutoka kwenye karatasi moja. Tengeni robo saa ya kila zoezi kufundisha kusoma solfa badala ya kukaririsha wimbo mstari kwa mstari. Mwanzoni mtaona kama mnachelewa, lakini anayesoma mwenyewe anaweza kumsaidia mgeni aliyeketi karibu naye, na anayekariri humsubiri mwalimu siku zote.

Pili, chagueni nyimbo kwa kuwafikiria waumini waliopo kwenye mabenchi. Hati ya Musicam Sacram, maagizo ya Vatikano juu ya muziki katika liturujia yaliyotolewa tarehe 5 Machi 1967, inakemea desturi ya kuiachia kwaya peke yake nyimbo zote za Misa huku waumini wakiwa wamenyamaza kabisa. Mara nyingi hatukusudii kuwanyamazisha, ila tunawapandishia mno. Waumini wengi huanza kulemewa sauti inapopita D ya juu; wimbo ulioandikwa Do = G, yaani do yake ni noti ya G kwenye kinanda, na kufika la unawadai E, nao hunyamaza mmoja mmoja. Ushusheni hadi Do = F, la hiyo iwe D, mtashangaa kanisa linavyoitikia. Watakaolalamika ni soprano wachache wanaopenda kusikika, na hao waelezwe kwa upole kwamba wanaimba kwa ajili ya wenzao. Nyimbo ngumu zina nafasi yake baada ya komunyo, watu wanapotafakari, lakini wimbo wa Mtakatifu na shangilio la kabla ya Injili ni za kanisa zima.

Kwaresima ninaithamini kuliko majira mengine yote katika malezi ya kwaya, ingawa walimu wengi huiona kama kipindi cha ukavu. Kanuni za Misa zinataka ala zitumike wakati huo kwa ajili ya kuusindikiza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Kama ala inaruhusiwa kusindikiza tu, inaweza pia kunyamaza. Mpeni mpiga kinanda Dominika kadhaa za kuketi na familia yake, nanyi mwimbe bila ala. Hapo ndipo alto wanaojificha nyuma ya kinanda hujulikana, tenor hujifunza kuwasikiliza besi, na Pasaka inapofika kwaya ina masikio mapya.

Wapo pia wenye vipaji ambao hawatoshei kwenye kwaya kama tulivyozoea kuipanga. Mzee anayejua kupiga ngoma ya kwao, mama mwenye sauti moja nzuri asiyeweza kushika sauti ya pili, kijana asiyeimba vizuri lakini ana mwandiko safi wa kunakili solfa: wote watafutiwe nafasi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliheshimu muziki wa asili wa watu na kuruhusu ala nyingine zinazofaa kwa ibada. Mama huyo mwenye sauti moja anaweza kuwa mwimbaji bora wa wimbo wa katikati, yaani zaburi inayoimbwa baada ya somo la kwanza, ambao hauhitaji zaidi ya sauti moja tulivu inayotamka maneno yakasikika.

Kwa halmashauri ya walei ninasema jambo moja bila kuzunguka: kujitolea hakumaanishi kugharimia. Nauli ya mazoezi ya usiku, gharama ya kunakili nyimbo na matengenezo ya kinanda viingizwe katika bajeti ya parokia, na anayekuja kuomba harusi aelekezwe kwa kiongozi wa kwaya mapema, asimpigie simu mpiga kinanda usiku wa kuamkia tukio.

Zamu zote zipangwe kwa maandishi na kubandikwa ubaoni. Wiki ya kumbukumbu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, tarehe 22 Novemba, inafaa sana kwa kazi hiyo kwa sababu Majilio huwa yamekaribia na mwaka mpya wa liturujia unaanza. Ketini siku hiyo na paroko, katekista na viongozi wa kwaya zote, mgawane Dominika hadi Pasaka, na kando ya kila jina la mpiga kinanda liandikwe jina la anayejifunza kwake.