Yale maji yanayozunguka pale Ikweta: nami nilishuhudia, nikaja kuyafundisha darasani, na hiki ndicho kilichotokea

Wakuu habari za jioni. Nimeusoma uzi wote toka mwanzo. Mleta mada anasema alipita pale Nanyuki, Kenya, kwenye kibao cha Ikweta, jamaa akamwonyesha beseni lenye tundu, upande wa kaskazini maji yakazunguka huku, upande wa kusini yakazunguka kule, na kwenye mstari wenyewe yakashuka wima bila kuzunguka. Halafu dogo mmoja wa chuo akamwambia huo ni usanii, sasa anauliza, inakuwaje kitu nimekiona kwa macho yangu mawili mtu aniambie sio kweli, na je si ndio kile kiburi cha wanasayansi cha kukataa kila wasichokitaka?

Mkuu sikucheki hata kidogo maana mimi ni mwalimu wa fizikia, shule ya kata huku Mwanza, na jambo hilohilo niliwafundisha watoto wa watu kama ukweli kwa karibu mwaka mzima.

Ilikuwa 2016, tunaenda harusini Meru kwa ndugu wa mke wangu, gari ikasimama pale kibaoni watu wachimbe dawa na kupiga picha. Akaja kijana mmoja mchangamfu sana na kidumu chake cha maji, beseni na njiti za kiberiti. Akatupeleka kama hatua ishirini kaskazini, akaweka maji, akadondosha njiti juu yake, akaachia tundu. Njiti ikaanza kuzunguka polepole halafu ikawa kasi inafuata maji, kwa mwendo wa saa. Tukavuka mstari hatua ishirini kusini, ikazunguka kinyume. Tukarudi mstarini, njiti ikatulia tu maji yakashuka. Yaani nywele zilinisimama. Mimi nimesoma hii kitu chuo, dunia inazunguka, kuna nguvu ya Coriolis, yaani ule mpindo ambao mzunguko wa dunia unavipa vitu vinavyosafiri juu yake, leo naiona kwenye beseni! Nikarekodi kila kitu kwenye simu, nikanunua na cheti.

Niliporudi niliwaonyesha kidato cha tatu ile video. Darasa lilipagawa. Mwaka uliofuata nikaionyesha tena kwa darasa jingine, ndipo binti mmoja mpole wa pale nyuma, hata huwa haongei, akanyoosha mkono akasema, "Samahani mwalimu, mbona kwenye jiografia tumeambiwa vimbunga vya kaskazini mwa Ikweta vinazunguka kinyume na saa, na vya kusini ndio vinaenda na saa? Haya maji yako yanafanya kinyume chake."

Nikamwambia subiri nitakujibu kesho. Usiku nikakaa na ile video. Yuko sahihi kabisa. Kama ni Coriolis kweli basi yule kijana alikuwa ameigeuza. Nikairudia mara ya tatu, ya nne, sasa siangalii tena njiti, namwangalia mtu. Ndio nikaona. Anajaza beseni akiwa ametupa mgongo, halafu anageuka nalo kutuelekea sisi watazamaji. Upande wa kaskazini anageukia mkono mmoja, upande wa kusini anageukia mkono mwingine. Pale mstarini hageuki, anasimama tayari ametutazama, anamimina katikati taratibu na anapiga stori kidogo maji yatulie kabla hajaachia tundu. Mara zote nilizoangalia mwanzo macho yangu yalikuwa kwenye njiti, kwa sababu ndiko alikoniambia niangalie.

Sasa kwanini kugeuka tu kunatosha? Maji ukiyageuza na chombo yanabaki na kamzunguko kadogo ambako kwa macho hukaoni, uso unaonekana umetulia. Ila yakianza kukimbilia tundu yanasogea katikati, na kitu kinachozunguka kikisogea katikati kasi inaongezeka, kama mtoto anayejizungusha amenyoosha mikono halafu akaikunja kifuani. Kwahiyo kale kamzunguko ambako hukukaona dakika moja nyuma kanakuja kuonekana pale tunduni, na wewe unadhani kamezaliwa palepale.

Tukaamua kupima, na hapa naomba mnivumilie maana ndio penyewe. Tulichukua beseni la plastiki la duara, tukatoboa katikati kwa msumari wa moto, kizibo tukakata kipande cha ndala. Tukamimina maji ovyoovyo, tukatoa kizibo, tukaandika upande. Mara ishirini. Kumi na mbili yalienda na saa, nane kinyume. Hapohapo Mwanza, beseni lilelile, hatujahama hata hatua moja. Kisha tukamimina kwa makusudi kufuata ukingo wa kulia mara kumi, na wa kushoto mara kumi. Yote ishirini yalienda tulikoyatuma.

Halafu wale vijana wakaja na wazo ambalo mimi mwalimu wao sikulifikiria. Wakachora mstari wa chokaa katikati ya uwanja wa shule wakaandika IKWETA, wakamfundisha mmoja wao namna ya kugeuka na beseni, wakawaita kidato cha kwanza pamoja na walimu wawili waliokuwa kwenye kivuli. Kaskazini ya chokaa maji huku, kusini ya chokaa maji kule, kwenye chokaa yakashuka wima. Walimu wakapiga makofi. Mmoja akasema hakujua kabisa kuwa Ikweta inapita shuleni kwetu! Wakuu, Mwanza iko nyuzi mbili na nusu kusini, Ikweta yenyewe iko zaidi ya kilometa 270 kutoka kwenye ule mstari wa chokaa.

Mleta mada hilo ndilo jibu langu la swali lako la kwanza. Ulichoona uliona kweli, hakuna anayekuita mwongo. Maji yalizunguka. Ila kuona maji yanazunguka ni kitu kimoja na kujua yamezungushwa na nini ni kitu kingine, na macho yako yalikupa cha kwanza tu, hicho cha pili ulipewa na maneno ya yule kijana.

Sasa kuna mdau kule juu ameandika kwamba basi Coriolis yenyewe ni uongo wa wazungu. Hapana mkuu, hapo umeenda mbali. Coriolis ipo, Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis aliandika hesabu zake 1835, na vimbunga ni ushahidi mkubwa sana. Idai kilichopiga Beira Machi 2019 kilizunguka kwa mwendo wa saa kama vya kusini vyote, na Hidaya kilichotusogelea pwani yetu Mei 2024 hivyohivyo. Na karibu na Ikweta vimbunga huwa havijiundi, kwa kawaida ndani ya nyuzi tano hivi za kila upande, ingawa 2001 kimoja kilichoitwa Vamei kilijiunda karibu na Singapore kwenye nyuzi moja na nusu tu, watu wa hali ya hewa walishangaa mno. Sasa jiulizeni, kama nguvu hiyo inashindwa hata kukizungusha kimbunga cha mamia ya kilometa karibu na Ikweta, itawezaje kulizungusha beseni la sentimita arobaini, hatua ishirini kutoka mstarini?

Nilipiga hesabu ubaoni na darasa. Mzunguko wa dunia unaoupata ardhini pale ulipo unategemea umbali wako kutoka Ikweta. Pale ncha ya kaskazini ni mzunguko mmoja kwa siku. Dar es Salaam unapata mzunguko mmoja kwa siku kama nane na nusu. Mwanza kama siku ishirini na tatu. Ukiwa meta ishirini tu kutoka Ikweta unapata mzunguko mmoja kwa zaidi ya miaka 800. Miaka mia nane wakuu, na maji ya beseni yanaisha kabla hujamaliza soda.

Na msidhani wanasayansi walikaa tu mezani wakasema haiwezekani. Walienda kupima. 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT kule Marekani alitengeneza tangi la upana wa kama meta moja na themanini, kina sentimita kumi na tano, tundu dogo katikati kabisa chini. Akayaacha maji yatulie saa 24 nzima, akayafunika upepo usiyaguse, ndipo akafungua taratibu. Dakika kumi na mbili za mwanzo hakuna kitu. Baadaye kijiti chake kidogo kilichokuwa kinaelea juu ya maji kikaanza kuzunguka, kinyume na saa, kama inavyotakiwa kaskazini. Watu wakasema sawa, hiyo ni Marekani, tuonyesheni na kusini. 1965 wenzake wakarudia Sydney, Australia, kwa utaratibu uleule, maji yakaenda na saa. Kwahiyo hata kwenye tangi inaonekana, ila inataka subira ya siku nzima na uko mbali na Ikweta. Mnaona tofauti ya huyu na yule wa kibaoni? Shapiro aliondoa kila kitu kingine kinachoweza kuzungusha maji, kisha akaangalia kama kuna kilichobaki.

Kuhusu kiburi. Mkuu mimi siamini kwamba yule kijana ni tapeli, na naomba tusimtukane humu. Inawezekana alifundishwa na aliyemtangulia, namna ya kusimama, namna ya kugeuka ili wageni waone vizuri, na yeye mwenyewe anaamini ni Ikweta inafanya. Hata maprofesa yamewakuta. 1903 huko Nancy, Ufaransa, René Blondlot, mtu mwenye heshima zake, alitangaza amegundua mionzi mipya akaiita mionzi N kwa jina la mji wake. Ilikuwa miaka minane tu toka Röntgen agundue eksirei kwahiyo kila mtu alikuwa na hamu ya mionzi. Ili uione ukae gizani uangalie kama cheche hafifu imeongezeka mwanga kidogo. Wanasayansi kibao wakasema na sisi tumeiona. Wengine wakajaribu hawakuona kitu. 1904 Mmarekani Robert Wood akaenda Nancy kuangalia mwenyewe, na wakiwa gizani akanyoosha mkono kimyakimya akaitoa prizimu ya aluminiamu ambayo ndiyo ilikuwa inapindisha hiyo mionzi. Blondlot akaendelea kusoma vipimo vilevile kama vile prizimu bado ipo! Wood akayaandika kwenye jarida la Nature, na nje ya Ufaransa stori ikaishia hapo.

Blondlot hakudanganya mtu. Alikuwa anakiona anachotarajia kukiona, na hakujiwekea mtego wa kumkamata yeye mwenyewe. Nami pia, siku ile njiani kwenda harusini, nilikuwa nimeshasoma Coriolis, nilikuwa naitaka iwe kweli, kwahiyo mtu aliponipa nikapokea. Angeniambia kitu ambacho sikipendi ningemkagua mpaka mfukoni. Hilo ndilo linaloniuma zaidi hadi leo, kwamba nilikuwa na elimu yote ya kumhoji na sikumhoji, akaja kuhoji binti wa kidato cha tatu mwenye daftari la jiografia tu.

Kuna aliyetaja na yai kusimama kwenye msumari pale Ikweta. Yai linasimama popote ukiwa na mkono mtulivu na subira, sisi tulilisimamisha maabara. Na mwingine ametaja kwamba Ikweta unakuwa mwepesi. Hiyo ni kweli wakuu, mvutano wa dunia pale ni kama 9.78 na kwenye ncha ni kama 9.83 (meta kwa sekunde ya mraba), tofauti ya nusu asilimia hivi, ila huwezi kuipata kwa kuvuka barabara, lazima usafiri toka Ikweta hadi karibu na ncha. Ndio maana haya mambo yanatushika, yanakuja yamebebwa na jambo la kweli pembeni.

Kwa hiyo ukipita tena pale, au Kayabwe kule Uganda njia ya Masaka, mwombe kwa heshima mambo mawili. Beseni ubebe wewe, na kabla ya kufungua tundu maji yakae dakika kumi limefunikwa. Kisha mwombe mvuke mstari huku mtu mwingine ndiye anajua mko upande gani, wewe umefungwa macho wakati wa kuvuka, mkifika ufunguliwe, na huyo mtu aseme upande baada ya wewe kuandika maji yalivyozunguka.

Na kabla ya hapo tufanye humuhumu, maana tumo toka kila kona. Mlioko Kampala mko kaskazini kidogo ya mstari, Bujumbura, Mombasa na Dar mko kusini, na wale wa Muscat na London ndio mko kaskazini kabisa. Beseni la duara, tundu katikati, ndala ya kuzibia, mara ishirini. Andikeni mji, mara ngapi yameenda na saa, mara ngapi kinyume, na mlimiminaje. Leteni hata zile mlizoona hazieleweki, hizo hasa msizifiche. Mimi naanza: Mwanza, 12 na saa, 8 kinyume, tulimimina ovyo.