Chakula cha mchana Posta na Kariakoo bila kuumia mfukoni

Mkuu, kwa mchana wa Posta na Kariakoo, Dar es Salaam, ingia mitaa ya nyuma ufuate walipojaa bodaboda na makuli. Fika saa sita na nusu. Ikigonga saa nane samaki wameisha na wali umekauka. Uliza bei kabla ya kukaa. Wali nyama kwa mama lishe kawaida huja na maharage na mchicha humohumo, ila soda na maji ya chupa huhesabiwa pembeni, na hapo ndipo bili inapovimba. Ukitaka samaki, nenda soko la samaki la Feri asubuhi: chagua mwenye macho maangavu na mashavu mekundu, patana, kisha mpeleke kwa wakaangaji palepale. Kukaanga kunalipiwa kivyake. Chipsi zilizolala kabatini achana nazo.