Ukitaka Watu Wapende Nyota, Subiri Mwezi wa Siku Saba

Juzi mwalimu mmoja wa Lindi ameniandikia: "Kaka, mliwezaje kuujaza watu ufukwe wa Mikindani kwa darubini moja?" Nitakujibu, mwalimu, ila nianze na aibu yetu.

Mara ya kwanza klabu yetu ya kutazama nyota ilichagua usiku wa mwezi mpevu, tukidhani mwanga mwingi ndiyo raha yenyewe. Tukaazima uwanja Mtwara mjini, tukaahidiwa taa zitazimwa. Hazikuzimwa. Watu wakachungulia, wakaona duara jeupe linaloumiza macho, halina shimo wala kivuli. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Si ndio huuhuu ninaouona hapa nje?" Saa mbili na nusu tulikuwa tumebaki wanachama sita. Aliyetuahidi giza hajapokea simu yangu hadi leo. Bado inaniuma.

Mwishoni mwa Agosti tukahamia Mikindani, mwezi una siku saba tangu uandame. Wavuvi wanazijua siku hizo, ni za maji mafu, bahari haijai wala haipwi sana. Nusu ya mwezi imewaka, nusu iko gizani, na pale zinapopakana jua linapiga kwa ubavu, kila shimo linatoa kivuli. Mama mmoja muuza pweza aliinama, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema "Subhanallah" na kwenda kupanga foleni upya. Nilishikwa na machozi, sifichi.

Kwa hiyo chagua usiku wako kwa mwezi. Tochi zifungeni karatasi nyekundu ya plastiki, maana macho huchukua kama dakika 20 kuzoea giza na mwanga wa simu moja huyarudisha mwanzo. Darubini isiachwe peke yake: dunia inazunguka, na kwa dakika 2 hivi mwezi unakuwa umehama upana wake mzima. Na narudia, chagua usiku wako kwa mwezi.

Halafu waulizeni wazee. Tusijifanye sisi wenye darubini ndio tumeleta anga Kusini. Nilipokuwa nawaonyesha watoto Msalaba wa Kusini ukiinamia magharibi, nahodha mmoja mzee aliniuliza Kilimia, kile kishada cha nyota, kiko wapi. Nikamwambia kitachomoza karibu saa sita usiku. Akawaghania watoto: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Wakamzunguka yeye, darubini ikabaki haina mtu.

Tulifunga vyombo saa tano. Nahodha alikataa kuondoka, na watoto wanne walibaki naye mchangani wakikingoja Kilimia.