Nilishusha milioni moja na nusu, nikajiona fundi

Juzi usiku nimesimama jikoni napiga mayai ya keki, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa msomaji wangu, binti wa Pemba aliyeajiriwa mwaka jana, sasa yuko Unguja. Kaandika hivi: "Bi, shikamoo. Mkopo wangu umetoka, nataka gari, Vitz. Kuna yadi moja ya magari, mwenyewe ni mtu wa kwetu, mcha Mungu sana, kaniambia kwake nisihangaike na mafundi. Unanishauri vipi?"

Nikaweka kipigio cha mayai chini. Maneno hayo ya "mtu wa kwetu" na "mcha Mungu" niliwahi kuyasema mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya kaka yangu aliyekuwa ananivuta mkono tuondoke. Nikamwambia, "Mwanangu, nipe siku mbili nikuandikie vizuri." Nami najua wengi mnaonisoma hapa mna ndoto hiyo hiyo: gari yako, jina lako kwenye kadi, hakuna tena kusubiri daladala na ndoo ya krimu mapajani. Kwa hiyo someni nyote.

Mwaka 2021 nilikuwa nimepokea zamu yangu ya upatu, nina akiba ya keki za harusi za misimu miwili, na mkopo mdogo juu yake. Nilitaka gari aina ya Toyota IST. Sikuulizi kwa nini na wewe usiniulize, kila mtu na anachokipenda. Nikapanda boti Mkoani, asubuhi ya pili nikawa na kaka yangu tunazunguka yadi za mjini. Yadi yenyewe siitaji na mtaa siutaji, Unguja ndogo hii.

Mwenye yadi alikuwa na kanzu nyeupe na kofia ya kiua. Hakunionyesha gari. Alianza kuniuliza natoka wapi. Wete? Wete ya wapi? Ukoo gani? Kumbe mama yake wa Ole! Basi tayari tumeshakuwa ndugu, na kahawa ikaja, na kashata ikaja. Adhuhuri ilipoadhiniwa akawaswalisha wanaume pale pale uani, kaka yangu naye nyuma yake. Nilikaa kwenye kiti nikiwatazama migongo, moyo ukatulia kabisa. Nikasema huyu hanidhulumu huyu.

IST ilikuwa ya fedha, imeoshwa inang'aa, haina namba. "Imeshuka bandarini wiki iliyopita," akasema. "Injini yake sisi (cc) elfu moja na mia tano. Kilomita sabini na mbili elfu. Wallahi, hapa Zanzibar haijakanyaga barabara isipokuwa kutoka Malindi mpaka hapa." Akaiwasha. Ikanguruma kidogo kama paka. Kaka akasema tumlete fundi. Bwana yule hakukasirika, alihuzunika. Alimtazama kaka kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake, akasema, "Ndugu kwa ndugu, tunaletana mafundi?"

Nikaona haya. Mimi ndiye niliyeona haya!

Bei yake milioni kumi na nne. Na hapa, wasomaji wangu, ndipo nilipojiona bingwa. Nikasema kumi na moja. Akacheka. Nikainuka nikachukua mkoba wangu, nikafika mpaka kwenye geti. "Rudi dada'angu, biashara haigombi." Kumi na tatu na nusu. Nikakaa, nikanywa kahawa kimya. Kumi na tatu. Nikamwambia nina watoto, nina mama mgonjwa, nina boti ya kuwahi. Mwisho akapiga goti lake kwa kiganja, akasema, "Haya, kwa kuwa ni damu yetu, kumi na mbili na nusu, na usimwambie mtu." Kabla sijalipa nilishamtumia shoga yangu ujumbe: nimeshusha milioni moja na nusu!

Leo nikikumbuka napiga hesabu nyingine. Bei tuliizungumza dakika arobaini. Gari tuliizungumza dakika tano. Karatasi hatukuzizungumza kabisa, maana alisema ziko kwa mtu wa bandari, zitanifuata Pemba. Ile milioni moja na nusu ilikuwa ni pipi aliyonipa ninyamaze, na mimi nikaimung'unya mpaka Mkoani.

Aliyegundua wa kwanza ni mwanangu wa miaka sita. Siku ya tatu tu, yuko nyuma anachezea zulia. "Mama, gari ina mchanga." Nikainua zulia. Mchanga mweupe, laini kama unga wa sembe, umejaa kwenye mikunjo yote ya chini ya kiti. Mimi mtoto wa kisiwa, mchanga wa pwani za watalii naujua. Japani haukutoka. Nilikaa mlangoni mwa gari na mchanga ule mkononi, nikajidanganya labda ni wa yadi.

Kadi ilipokuja baada ya mwezi na nusu ikamaliza maneno: gari imesajiliwa Zanzibar miaka mitatu nyuma, kwa jina la mtu mwingine. Kilomita sabini na mbili elfu Mungu ndiye ajuaye ni za nini. Kisha fundi wangu wa Wete akafungua boneti, akasoma ile plati ndogo ya chasisi, akaniuliza, "Nani kakwambia hii elfu moja mia tano? Hii NCP60, Bi. Ni elfu moja mia tatu. Ya elfu moja mia tano inaandikwa NCP61." Maandishi yalikuwa pale pale tangu siku ya kwanza, yanasomeka, wala hayahitaji ufundi. Yalihitaji mtu ainame.

Giaboksi ikasubiri siku yake. Siku yenyewe nilikuwa napeleka keki ya ghorofa tatu harusini Konde. Mnaoijua Pemba mnajua vilima vyetu, unashuka hiki unapanda kile. Kwenye kimojawapo injini ikalia, gari haiendi. Nikakanyaga mafuta, ikalia zaidi, ikaanza kurudi nyuma. Keki ilifika kwa Keri, kile kigari cha mizigo, iliyokuwa imebeba kuku, ghorofa ya juu imeingia ndani ya ghorofa ya kati. Shangazi wa bibi harusi akaitazama, akaniuliza mbele za watu, "Bi, hii ya ghorofa au ya kifusi?" Nimesamehe mengi katika maisha yangu, lile bado.

Nikampigia ndugu yangu wa Ole. Mara ya kwanza alisema gari ni chuma. Mara ya pili alisema ni kadari ya Mungu. Mara ya tatu alinikumbusha karatasi niliyotia saini: "Nimeiona gari na nimeridhika nayo kama ilivyo." Mara ya nne hakupokea. Giaboksi ya mtumba kutoka Unguja, pamoja na nauli na ufundi, ilinila milioni moja na laki sita. Toa ile milioni moja na nusu niliyojisifia. Laki moja juu yake nililipia ujinga.

Wakati ule sikujua hata kwamba Zanzibar ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, wenyewe wanaiita ZFCC, na kwamba ipo sheria ya mwaka 2018 ya kumlinda mlaji. Sasa najua. Lakini hata ningekwenda, ningekwenda na nini mkononi? Maneno yake yote mazuri yalikuwa ya mdomo. La maandishi lilikuwa moja tu, na saini yangu chini yake.

Mtaniambia nina chuki na watu wa dini. Hasha. Mimi nasema tumeigeuza dini kuwa rangi ya kupulizia gari. Sote tulifundishwa kwenye chuo cha Kurani ile habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikatoka na majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa mbona hukuiweka iliyorowa juu watu waione? Anayeghushi si katika sisi. Haya, mnaisimulia hadithi hiyo kwenye mawaidha kila Ramadhani, lakini mnamsahau mkaguzi ndani yake. Mtume hakuishia kutazama juu ya lundo. Alitia mkono! Sasa wewe mwanangu ni nani, uone haya kutia mkono chini ya boneti kwa sababu mwenye gari ana sijda kwenye paji la uso? Kukagua si tusi. Muuzaji anayefanya ukaguzi kuwa tusi, mwachie kahawa yake uondoke.

Ngoja nishushe pumzi.

Mwaka 2023 niliuza ile IST. Nilimwambia mnunuzi kila kitu, pamoja na giaboksi, pamoja na NCP60, na nilipata hasara, na nililala usingizi. Nikarudi Unguja kununua Probox. Safari hii sikumwambia mtu natoka wapi. Aliyeniuliza ukoo nilimjibu, "Nimekuja kuangalia gari, baba." Kaka yangu nilimwacha nyumbani, kwa sababu ukienda na mwanamume wanazungumza naye yeye na wewe unakuwa mzigo wa kiti cha nyuma. Nilikwenda na fundi, elfu hamsini yake pamoja na chakula cha mchana, na nikamwambia asiseme neno mbele ya muuzaji.

Nilifika saa moja asubuhi, yadi haijafagiliwa. Nikaweka kiganja juu ya boneti: baridi. Nilitaka niisikie ikiwaka ikiwa baridi, maana wanaijua saa yako ya kuja na wanaipasha moto mapema. Nikafungua ufunguo nusu, bila kuwasha injini, nikatazama taa za dashibodi zikiwaka zote kisha baadhi yake zikizimika. Ya mifuko ya hewa ikikosa kuwaka kabisa, shuku kwamba mtu kaing'oa ili usiulize. Nikavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, huko chini kuna kitambaa kimechapwa mwaka uliotengenezwa. Nikasoma tairi, zile tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya ishirini na tatu ya mwaka 2019. Na nikainua zulia. Zulia siachi tena maisha yangu.

Chasisi NCP51, sawasawa na alivyosema muuzaji. Nikaomba karatasi ya mnada wa Japani na cheti cha kuisafirisha nje, kwa sababu cheti kile kinaandika kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko. Kijana wa yadi akaniambia karatasi hizo "wateja huwa hawaziombi". Nikamwambia mimi ni mteja naziomba. Alichukua saa nzima kuzitafuta. Nilikaa. Daraja la ubora waliloipa mnadani lilikuwa tatu na nusu, mkwaruzo mmoja umechorwa mlango wa nyuma, nami nikaenda nikaugusa kwa kidole, uko pale pale ulipochorwa. Sikwambii furaha niliyoipata ya kuona ila. Daraja lingekuwa R, la gari iliyogongwa ikatengenezwa, ningeaga.

Tukaiendesha mpaka Tunguu na kurudi, ikapata moto sawasawa, ndipo fundi wangu akasikiliza giaboksi. Bei tukaja kuizungumza saa sita, mwisho kabisa. Alishuka laki nne tu. Laki nne! Shoga yangu alinicheka. Lakini nilimbana kwingine: arubuni nikatoa laki tano kwa maandishi kwamba inarudi kadi isipotoka kwa jina langu ndani ya wiki tatu, namba ya chasisi na ujazo wa injini vimeandikwa ndani ya mkataba, na giaboksi ana jukumu nayo miezi mitatu. Kwenye hilo la giaboksi ndipo aliposhika kichwa. Nilimsubiri. Nilikuwa nimekuja na chakula changu kwenye bakuli.

Probox ile ndiyo inayobeba keki zangu mpaka leo. Imeshapanda vilima vya Konde sijui mara ngapi.

Kwa hiyo binti yangu, nakujibu. Nenda na fundi wako, asiwe wa kwao. Omba karatasi kwanza, bei baadaye. Omba karatasi, narudia. Anachokiapia akiandike. Undugu unywe kahawa yake kisha uuweke pembeni, na kama ni ndugu kweli atakuwepo hata baada ya fundi kuondoka. Na bei za Vitz unazoziona za Bara usizilinganishe na za hapa, hesabu ya ushuru siyo moja, na gari ya Zanzibar ukitaka kuihamishia kule huenda ukakutana na malipo mengine.

Nilimtumia haya leo alasiri kabla sijayaweka hapa, nikijua nimemwokoa mtoto wa watu. Baada ya Magharibi akajibu: "Ahsante sana Bi, Mungu akulipe. Lakini keshanipunguzia laki nane! Arubuni nishatoa tangu jana."

Nimemuuliza kama chasisi ameisoma. Tiki mbili za buluu ziko pale, jibu bado.