Maua ya micheri Washington: soma matumba, achana na kalenda

Dada uliyeuliza kuhusu shangazi yako anayekuja Maryland kutoka Tanga kukaa wiki tatu, kwamba umkatie tiketi ya tarehe gani ili ayakute maua ya micheri yamechanua kabisa: nimesoma majibu ya juu, na wengi wamekutajia tarehe za tamasha la micheri la Washington, mji mkuu wa Marekani. Hizo hazitakusaidia. Tamasha hupangwa mapema mno, kwa kawaida huanza karibu na tarehe 20 Machi na kwenda hadi katikati ya Aprili, na gwaride litapita Constitution Avenue hata kama matawi bado ni vijiti au maua yameshapukutika yote. Miti haina habari na kamati. Mimi nakaa Silver Spring, upande wa Maryland jirani na Washington, miaka mingi sasa, kazi yangu ni ya usiku, na Machi ikifika huwa nashuka mjini asubuhi nikitoka kazini, nazunguka bwawa la Tidal Basin lenye micheri kandokando yake, ndipo naenda kulala. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, univumilie.

Idara ya Hifadhi za Taifa, ndiyo inayotunza ile miti, ina kipimo chake: kilele ni siku ambayo asilimia 70 ya maua ya aina ya Yoshino kuzunguka Tidal Basin yamefunguka. Sasa tazama siku hiyo inavyotangatanga. Mwaka 1990 ilikuwa tarehe 15 Machi. Mwaka 1958 ilikuwa 18 Aprili. Hapo kuna tofauti ya zaidi ya mwezi mzima. Miaka ya karibuni ni hivyo hivyo: 2014 kilele kilikuwa 10 Aprili, 2024 kikawa 17 Machi, 2025 kikarudi 28 Machi. Mara nyingi kinaangukia wiki ya mwisho ya Machi au ya kwanza ya Aprili, na kwa jumla kinakuja mapema kuliko zamani. Ila mtu anayekutajia siku kamili ukiwa bado Novemba, huyo anapiga ramli. Idara yenyewe inakiri kwamba kutabiri zaidi ya siku 10 mbele ni karibu kutowezekana. Hutoa makisio mwanzoni mwa Machi, kisha wakati mwingine huyasogeza.

Sababu ni kwamba mcheri unataka vitu viwili kwa mpangilio. Kwanza ubaridi wa kutosha Desemba na Januari, kisha joto la kujilimbikiza siku hadi siku. Februari ikiwa na joto, matumba hukimbia. Baridi ikirudi, yanasimama pale pale kama hayajui yalikuwa yanakwenda wapi, hata wiki nzima. Ndiyo maana nasema usifuate tarehe, fuata hatua. Miti inaonyesha ilipofika, na ukijua kuisoma utajua umebakiwa na muda gani.

Hatua zenyewe ni sita. Ya kwanza, tumba lililokuwa la kahawia linaanza kuonyesha ukijani kwenye ncha. Ni mwishoni mwa Februari au mwanzo wa Machi, na mtu asiyejua anapita bila kuona chochote. Ya pili, vile viua vidogo vinaanza kuonekana ndani ya tumba. Ya tatu vinachomoza nje kwa kishada. Hapo mara nyingi kumebaki wiki mbili hivi, lakini usiitegemee sana hesabu hiyo kwa sababu bado baridi inaweza kuvuruga kila kitu.

Hatua ya nne ndiyo yangu. Vikonyo vinarefuka. Kila kiua, kilichokuwa kimebanana na wenzake, sasa kinaning'inia kwa kikonyo chake, na ukitazama kwa mbali mti mzima unakuwa na rangi ya waridi iliyofifia, maana matumba yakiwa yamefumba ni ya waridi kuliko maua yenyewe. Kutoka hapo hadi kilele kwa kawaida ni siku 5 hadi 10. Mimi nikiona vikonyo vimerefuka ndipo naanza kupanga zamu zangu na kubadilishana siku na wenzangu kazini. Kabla ya hapo sisemi na mtu. Wanaokaa mbali na wanakuja kwa gari au basi, kutoka Ohio au North Carolina, nawashauri wangoje tangazo la hatua hii ndipo waombe ruhusa. Idara hutangaza kila hatua inapofikiwa, na kuna kamera ya mtandaoni inayoonyesha miti kando ya bwawa mchana kutwa, kwa hiyo huna haja ya kumsumbua ndugu yako akupigie picha.

Ya tano matumba yanafura meupe. Hapo ni siku 4 hadi 6 tu, joto likipanda ghafla hata chini ya hapo. Na hapo hapo ndipo hatari ilipo. Tumba lililofumba lina koti lake. Tumba lililofura halina kitu. Halijoto ikishuka hadi karibu -3 za selsiasi mengine yanaanza kufa, ikishuka zaidi ya -4 unaweza kupoteza karibu yote. Mwaka 2017 tuliliona hilo kwa macho. Februari ilikuwa ya joto la ajabu, watu wanatembea na fulana, miti ikakimbilia hatua ya tano, halafu katikati ya Machi ikaja baridi kali na theluji. Karibu nusu ya maua ya Yoshino yalikufa. Yale yaliyokuwa yamefura yaligeuka kahawia kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Yaliyochelewa ndiyo yaliyopona, na kilele kikatangazwa 25 Machi kwa hayo hayo yaliyobaki. Wageni waliofika siku ile walipiga picha zao wakafurahi. Wenyeji tukawa tunanong'ona.

Ya sita ndiyo kilele. Na hapa naomba nitofautiane na wengi. Siku ya kutangazwa kilele, hasa ikiwa Jumamosi, si siku nzuri ya kumpeleka mtu mzima pale. Njia inajaa, watoto wanalia, kila mti una foleni ya watu wanaotaka picha, na maegesho usahau kabisa. Mimi naipenda siku moja au mbili kabla, asubuhi na mapema jua likichomoza upande wa pili wa maji, wakati maua ni nusu kwa nusu, mengine wazi na mengine bado yamefumba na waridi yake. Naipenda pia siku ya tatu au ya nne baada ya kilele kama hakuna upepo, petali zikianza kuanguka. Sisi tuliozoea mijakaranda ya Arusha na Nairobi, inayobaki zambarau wiki baada ya wiki, tunadhani maua ya mti yatatungoja tu hadi tupate nafasi. Haya hayangoji. Hali ya hewa ikiwa ya ubaridi na shwari yanaweza kudumu karibu wiki au zaidi kidogo. Mvua moja ya upepo usiku, asubuhi unakuta yote yako chini. Ukitaka kujua kama yamezeeka, chungulia katikati ya ua: likiwa jipya kitovu chake kimepauka, likikaribia kuanguka kinakuwa chekundu.

Jambo lingine linalowadanganya watu: kuna mti mmoja pale bwawani ambao kila mwaka huwatangulia wenzake kwa wiki moja hadi siku 10. Watunzaji wanautumia kama kipimo, lakini mtandaoni kila mwaka mtu anaupiga picha na kuandika "maua yameshatoka!" Ukiiona picha ya mti mmoja umechanua na wa jirani yake ni vijiti, tulia.

Turudi kwa shangazi. Wiki tatu ni muda mzuri sana, na siri ni kwamba miti si ya aina moja. Yoshino ndiyo mingi na ndiyo inayohesabiwa kwenye kilele, lakini iko pia Kwanzan, yenye maua mazito ya waridi iliyokolea, petali nyingi mno katika ua moja, na hiyo huchanua kama wiki mbili baada ya Yoshino. Mingi iko East Potomac Park, ukielekea Hains Point, ambako watu ni wachache na unaweza kukaa kwenye nyasi na chupa yako ya chai. Kwa hiyo ningekuwa wewe ningemkatia afike karibu 22 Machi na kuondoka karibu 12 Aprili. Mwaka wa kawaida atapata Yoshino. Mwaka ukiwahi sana, kama 2024, atakuta Yoshino inaelekea mwisho, ila Kwanzan ataiwahi. Mwaka ukichelewa, bado ana nafasi. Hakuna tarehe yenye uhakika zaidi ya hiyo, na anayekuuzia uhakika anakuuzia hoteli.

Mzunguko wa Tidal Basin ni kilomita tatu na kitu. Shangazi asizunguke wote kama magoti yanamsumbua. Kutoka Silver Spring mnapanda treni ya laini nyekundu, mnabadilisha Metro Center, mnashuka Smithsonian, halafu ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu polepole hadi ukingoni mwa bwawa. Mpelekeni upande wa kumbukumbu ya Rais Franklin Roosevelt: matawi yameinama karibu na maji, kuna mahali pa kukaa, na vyoo viko karibu. Hatua chache kutoka hapo ni sanamu ya Martin Luther King, iliyozinduliwa 2011. King aliuawa 4 Aprili 1968, na majira haya ndiyo micheri inayoizunguka sanamu huwa na maua, jambo ambalo walioisanifu bustani ile walilifikiria. Shangazi, kama ana umri wa kuikumbuka miaka ile, atamkumbuka kutoka redioni. Msikimbilie picha tu pale.

Angalieni pia saa za maji kujaa. Bwawa lile linapokea maji ya mto Potomac yanayopanda na kushuka na bahari, na kuta zake za zamani zilizama kiasi kwamba maji kujaa yalikuwa yakifunika njia mara mbili kwa siku, hasa karibu na kumbukumbu ya Rais Jefferson. Ndiyo sababu ya ule ujenzi ulioanza 2024, uliokata micheri zaidi ya 140, ukiwemo ule mti mkongwe uliobaki gome tu, maarufu kwa jina la Stumpy, uliokuwa ukichanua kila mwaka kana kwamba hauna shida. Vipandikizi vya matawi yake vilichukuliwa kwenda kuoteshwa upya. Kabla ya kwenda, tazameni kama kuna kipande cha njia kilichofungwa.

Kama atauliza ilifikaje hapa, na wazee wetu huuliza: ni zawadi ya jiji la Tokyo, meya akiwa Yukio Ozaki. Shehena ya kwanza, miti 2,000, ilifika mwanzoni mwa 1910 ikiwa imejaa wadudu na magonjwa, ikabidi ichomwe moto yote kwa idhini ya Rais Taft. Fikiria aibu hiyo ya kidiplomasia. Wajapani hawakununa, walituma mingine 3,020, na tarehe 27 Machi 1912 mke wa rais, Helen Taft, na mke wa balozi wa Japani wakapanda miwili ya mwanzo. Miwili hiyo bado ipo mwisho wa barabara ya 17, ina kibao chake. Atauliza pia matunda yake yanaiva lini. Mwambie hakuna, ni miti ya maua, na vitunda vinavyotoka ni vidogo na vichungu, ndege ndio wanaovila. Na asichume tawi hata dogo la kupeleka nyumbani, ni kosa na faini ipo.

Kama siku zenu hazikubaliani kabisa na mjini, kuna mtaa wa Kenwood kule Bethesda. Ni makazi ya watu, micheri imepangwa pande zote mbili za barabara hadi matawi yanakutana juu, na shangazi anaweza kuyaona yote akiwa ndani ya gari. Nendeni siku ya kazi, Jumapili ni msongamano. Tena hapo hamtakuta wauza fulana.

Msidanganyike na jua la kwenye picha. Pale bwawani upepo wa asubuhi unakata, na mtu anayetoka Tanga Machi, joto lote lile, ataona kama mmemwonea. Koti zito, soksi, na kitu cha kufunika masikio. Ukishapata tarehe ya ndege iandike hapa pamoja na mtaa atakakofikia, maana wa Hyattsville na wa Gaithersburg hawapandi treni kituo kimoja, na nikiona vikonyo vimerefuka nitakushtua humu humu.