Usinunue hiyo tableti ya kulishia mtoto, nisikilize kwanza

Dada, rudisha hiyo laki mbili na nusu kwenye pochi. Majibu ya wengine sijayasoma. Nilipofika pale ulipoandika "ana mwaka na miezi 8, hali bila katuni, bora nimnunulie tableti yake simu yangu ipumzike", nikaweka kikombe cha chai chini. Huyo ni mimi kabisa, miaka minne iliyopita.

Mke wangu ni nesi, anaingia zamu za usiku. Kumlisha mtoto jioni ilikuwa kazi yangu, na wetu alikuwa mgumu: kijiko cha kwanza anameza, cha pili anafunga mdomo, cha tatu kinaishia ukutani. Alipofika miezi 10 nikagundua kwamba nikimwekea katuni, mdomo unabaki wazi wenyewe. Bakuli zima la uji kwa dakika saba! Nikajiona mganga. Niliwahadithia hadi wenzangu dukani, Mungu anisamehe, na wawili wakaiga.

Tableti ilikuja alipotimiza mwaka na nusu, na hapo nina ugomvi na mwenye kituo kimoja cha kulelea watoto mtaani kwetu. Alituandikia kwenye grupu la wazazi kwamba mtoto akizoeshwa katuni za Kiingereza mapema "mdomo unafunguka", akifika chekechea anakuwa kawaacha wenzake mbali. Kumbe muuza tableti ni mdogo wake. Hilo nililijua nikiwa nimeshalipa. Na mdomo ulifunguka kweli, wa kupokea kijiko.

Sasa hapa soma polepole. Kwa karibu miaka miwili mwanangu alikula mara tatu kwa siku bila kujua kwamba anakula. Macho yake kwenye kioo, mimi napakia kama najaza gunia. Hakujua njaa wala kushiba. Katuni ikiisha ndiyo chakula kimeisha. Akaanza kufumbata wali shavuni, nusu saa hajameza, na meno ya mbele yakaanza kuoza. Hilo la meno bado ni dogo. Alipofika miaka miwili na nusu alihesabu mpaka 20 kwa Kiingereza na kutaja rangi zote, wageni wanapiga makofi, ila kusema "maji" hawezi. Akisikia kiu ananivuta kidole hadi kwenye ndoo. Ukimwita jina hageuki.

Mama yangu akasema ana udata, ulimi umeshikwa kwa chini, apelekwe akakatwe. Jirani akasema watoto wa kiume ndivyo walivyo, tusubiri. Tukapima masikio, mazima. Nauli, ruhusa za kazini, foleni, leo huku kesho kule. Daktari wa mwisho, mama mtu mzima, hakuuliza anakula nini. Aliuliza anakula na nani. Nikakosa la kusema, maana jibu lilikuwa sungura wa kwenye katuni.

Akanielewesha kwamba maneno mengi ya mwanzo mtoto anayapata kwenye sahani: moto, puliza, bado, ongeza, sitaki, nimeshiba. Mzazi anasema, mtoto anajibu hata kwa kukunja uso tu, mzazi anamjibu tena. Katuni haisubiri kujibiwa. Mimi nilikuwa namnyang'anya mazungumzo matatu kila siku, halafu naulaumu ulimi. Hakusema tableti ndiyo sababu pekee. Kuna wanaochelewa kuongea kwa mambo mengine kabisa, ndiyo maana vipimo usiviruke. Alisema tuanzie hapo.

Kwangu sasa sheria ni moja: simu na sahani hazikai mkeka mmoja. Hata ya baba, hata ikiita. Siku ya kwanza aligoma. Ya pili alikula ndizi moja na kulia mpaka mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza tunamfanya nini mtoto. Ya nne tulikuwa kwa bibi yake Morogoro, likaletwa sinia la ugali na dagaa, watoto watano wamezunguka. Binamu hawabembelezi mtu. Akaona dagaa wanaisha, akaingiza mkono. Nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku.

"Ongeza" lilikuja kama wiki tatu baadaye. Sentensi zilichukua zaidi ya mwaka, na siku hizi tunamwomba apumzike kidogo.

Kuhusu saa ngapi kwa siku: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019, wa umri wa mwanao hawapendekezi hata dakika moja ya kukaa kutazama kioo. Akifikisha miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1, na ikipungua ni bora. Simu ya video na baba yake aliyeko Muscat endeleeni nayo, kule kuna mtu anayemjibu. Ila siyo wakati wa uji!

Uliuliza pia inchi ngapi zinafaa, na programu gani za kuzuia video za ajabu, na kitu kingine kuhusu bando, nimesahau. Yangu ilikuwa inchi 7. Ipo juu ya kabati, betri nzima, kwenye matundu ya spika umekaukia uji. Mke wangu anataka tuiuze. Wewe sikuuzii.